Ruhusa ya Kutoka

Bi Kulthum hakuuona msalaba mwekundu ukipakwa kwenye nyumba yake. Aliusikia. Alikuwa ameketi ukumbini akichambua mchele, mlango umerudishwa, na kutoka nje ikaja sauti ya brashi ngumu ikikwaruza udongo mkavu. Alidhani ni mbuzi wa jirani anajikuna ukutani kama kawaida yake. Ndipo akamsikia binti yake Saida, aliyekuwa barazani na cherehani, akisema kwa ukali, "Wewe, unaandika nini kwa nyumba ya watu?"

"Siandiki, dada. Napaka," ikajibu sauti ya mwanamume. "Mimi ni Philip, natoka kwa Bwana Afya, mkubwa wa kukagua nyumba. Nyumba nzuri inapata chokaa nyeupe. Mbaya inapata nyekundu. Nyekundu inavunjwa."

Kulthum akaweka ungo chini. Akaenda mpaka dirishani, akasimama nyuma ya pazia.

"Baba, nyumba hii ina ubaya gani?" aliuliza.

"Hii pembe imeinama, mama. Na kuna ufa. Toka nje nikuonyeshe."

"Siwezi kutoka. Niko eda."

"Eda ni nini?"

"Ni kukaa," alisema Kulthum.

Philip akasema yeye ametumwa tu, hana ubaya na mtu. Mwenye nyumba akiwa na maneno, aende ofisini Alhamisi, aseme mwenyewe kwa mdomo wake mbele ya Bwana Afya. Asiyekwenda atahesabiwa kuwa ameikubali rangi. Akabeba kopo lake akaenda, nalo likaacha matone mekundu barazani, mahali ambapo Saida alikuwa amefagia asubuhi ile.

Mumewe Kulthum, Mzee Idarous, alikuwa amezikwa mwanzoni mwa mvua. Kwa sheria ya dini, mjane hukaa katika nyumba aliyofiwa miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki kwenda kutembea. Kulthum hakuona uzito katika jambo hilo. Alikuwa ameishi na Idarous tangu Majengo ya Thika ilipokuwa vibanda vichache na msikiti wa madebe, na kukaa ndani kumwombolezea aliona ni heshima, tena ni mapumziko. Kilichomkera ni kwamba kuta zile zile alizoamriwa asizivuke, mtu mwingine ameziamuru zianguke. Hakujua amkasirikie nani kwanza.

Majirani walikuja mchana ule, kwa pole na kwa kuchungulia. Nyumba zao zilikuwa zimepata chokaa nyeupe, lakini hakuna aliyefurahi, maana nyumba ya Idarous ilikuwa ya pembeni, ya kwanza ukitoka mjini, na kila mtu alijua kwamba ofisi inataka barabara pana na nyumba za mawe za wafanyakazi. Wakishapata pa kuingilia, nani atawazuia?

"Ukishinda wewe tumeshinda sote," alisema mama mmoja akinywa chai ya Kulthum.

"Na nikishindwa?"

Mama yule akaomba sukari kidogo.

Ngendo, mpangaji wa chumba cha nyuma, alingoja mpaka wageni waondoke. Alikuwa mama wa Kikuyu aliyeuza viazi sokoni, mkimya, na siku hizi za Hali ya Hatari, Wakikuyu wakisakwa na serikali, ukimya ulikuwa umemzidi. Kipande chake, kile cheti cha serikali, kilimruhusu kuishi Thika kwa sababu alikuwa na chumba Majengo. Bila chumba, angerudishwa kwenye vile vijiji vilivyozungushiwa waya.

"Mama Saida," alisema, "hii nyumba ikienda, mimi naenda wapi?"

"Haiendi," Kulthum alimjibu. Alisema hivyo kwa nguvu, kisha akaona haya, kwa kuwa alikuwa ameahidi kitu kilichokuwa mikononi mwa mtu mwenye kopo la rangi.

Jioni ile walichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe na majivu, wote watatu, wakauziba ufa kwa ndani. Kulthum alikandika kwa kiganja, akisukuma udongo mpaka ukagota kwenye fito. Ilikuwa kazi ya kila mwaka baada ya mvua. Kwa nje hawakugusa, maana Kulthum hakuweza kwenda nje, na Saida alikuwa fundi wa nguo, si wa kuta. Akipaka yeye, udongo ulidondoka wote kabla haujakauka.

*

Shemeji yake Abdulkarim alifika kutoka Ruiru siku iliyofuata. Huko alikuwa akinunua ngozi na kuziuza, na mwili wake ulikuwa na harufu ya kazi hiyo hata siku za sikukuu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na mengi ya maneno hayo alikuwa ameyaokota kwa wengine.

"Shemeji, wewe tulia," alisema akiwa ukumbini, kupitia pazia la mlango wa chumba. "Mimi ndiye mwanamume aliyebaki. Alhamisi nitakwenda mimi. Hawa Wazungu nawajua, ukiwakabili kwa macho wanalegea."

"Utawaambia nini?"

"Niachie mimi. Ila nitahitaji koti la marehemu. Lile jeusi."

Koti lile lilikuwa bado msumarini, halijafuliwa, kwa sababu shingoni lilikuwa bado na Idarous. Kulthum alimwambia Saida alitoe. Abdulkarim alilivaa pale pale ukumbini, akanyoosha mikono, akalalamika kwamba kwapani linabana.

Alhamisi aliondoka nalo asubuhi, akarudi kabla ya adhuhuri, koti limebebwa begani.

"Wamenidharau," alisema akiketi. "Saida, nipe maji."

"Imekuwaje?" Kulthum aliuliza.

"Bwana Afya ameniuliza vyumba vingapi. Nikasema vitano."

"Viko sita, ba'mdogo," alisema Saida.

"Kile cha kuni nacho ni chumba? Halafu akaniuliza dirisha la nyuma linaangalia wapi. Sasa mimi dirisha la nyuma nalijulia wapi? Nikasema linaangalia nyuma. Wakacheka, hata karani. Halafu akaniuliza nyumba ilikandikwa lini mara ya mwisho. Nikasema, Bwana, hayo ni mambo ya wanawake. Akasema basi lete mwanamke."

Nyuma ya pazia, Kulthum alifumba macho. Kwa miaka yote ile Abdulkarim alikuwa ameingia nyumba hii, amekula, amelala, amekopa, na hakuwahi kuinua kichwa kuangalia amelala chini ya nini.

"Ametoa nafasi moja," Abdulkarim aliendelea. "Jumatatu. Mwenyewe aje, si ndugu, si binti. Mimi nimemweleza habari ya eda mpaka koo limekauka. Anasema hata mgonjwa hubebwa."

"Basi nitakwenda."

"Utatokaje? Unataka watu waseme mjane wa Idarous hakungoja hata kaburi likauke? Hapana. Nitamleta Mwalimu atoe ruhusa. Mambo yaende kwa sheria."

*

Mwalimu Isa Ndambuki alikuwa Mkamba aliyesilimu ujanani na kusoma kuliko wengi waliozaliwa ndani ya dini. Kwa sababu hiyo aliogopa kukosea. Kila alipotoa jibu jepesi, palitokea mzee wa kumkumbusha kwamba ukoo wake bado unapiga ngoma kule Ukambani, na tangu hapo majibu mepesi aliyaacha. Alisimama mlangoni bila kuingia, kanzu ameishika isiguse ile rangi.

"Bi Kulthum, salama?"

"Salama, Mwalimu. Nataka kwenda ofisini saa moja tu, mchana, nirudi."

"Kwa haja gani?"

"Kuitetea nyumba."

Mwalimu alishusha pumzi. "Chakula, binti yupo. Dawa, huumwi. Kutetea mali, shemeji yako amekwenda. Watu wataniuliza, nami nataka niwajibu kwa jambo lisilo na shaka. Kama nyumba ingekuwa ya hatari, inaweza kumwangukia mtu, hapo hakuna maneno. Mjane hutoka."

Kulthum akataka kucheka na hakuweza. Kabla hajapata la kusema, Abdulkarim alidakia.

"Lakini ni ya hatari, Mwalimu. Si unauona ule ufa? Tia mkono."

"Haina hatari," alisema Kulthum kutoka ndani.

"Shemeji, nyamaza kidogo. Nakutafutia njia."

"Nyumba hii haianguki. Nguzo zake ni muhuhu, mti usioliwa na mchwa, Idarous alizileta na gari la ng'ombe kutoka Ngoliba. Pembe hiyo imeinama tangu Saida akitambaa."

"Nani amekuuliza nguzo?" Abdulkarim alishusha sauti, akasogelea pazia. "Unataka kutoka au hutaki? Hapa ni maneno ya dini, kule ni maneno ya serikali. Haya hayafiki kule. Tukubali hapa, ukatae kule, kwisha."

Mwalimu alikuwa ametia vidole kwenye ufa. Kwa nje ulikuwa bado wazi. Udongo mkavu ukamwagika kidogo kwenye viatu vyake.

"Bi Kulthum," alisema, "mimi siwezi kukuona, na siwezi kuingia. Nakuuliza wewe mwenye kuishi humo. Unaikhofu nyumba hii?"

Ngendo alikuwa amesimama uani na sufuria mkononi, ameacha kusugua. Saida alikuwa akimtazama mama yake. Kulthum alijua jibu la kweli, na alijua jibu linalofungua mlango, akakasirika kwamba hayo mawili si kitu kimoja. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alinyamaza, na kwa desturi ya watu wake, mwanamke aliyeulizwa akanyamaza amekubali.

"Nimeridhika," alisema Mwalimu. "Nyumba ina hatari. Ameruhusiwa. Na mimi mwenyewe nitamsindikiza, ili pasiwe na maneno."

*

Jumatatu Kulthum alitoka kwa mara ya kwanza tangu maziko. Mwanga ulimuumiza macho. Alijifunika nguo ya eda mpaka usoni, akatembea katikati ya Saida na Ngendo, na wanaume wawili mbele. Watu walitoka barazani kutazama. Alipofika nje ya ukuta wake aligeuka akauona ule msalaba, mkubwa kuliko alivyoudhania, umepakwa ovyo, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine.

Ofisini waliambiwa wakae kwenye nyasi. Wakakaa. Ngendo aliulizwa kipande na askari, akatoa, akaulizwa tena na askari wa pili aliyekuwa amesimama karibu na wa kwanza. Jua lilipofika utosini waliitwa.

Bwana Afya alikuwa Mzungu mwekundu wa shingo, amechoka, mafaili mpaka kidevuni. Philip alisimama kando yake.

"Wewe ndio mwenyewe ya nyumba?"

"Ndimi, Bwana."

"Toa nguo kwa uso. Mimi taona namna gani kama ni wewe?"

Saida alitaka kusema, Kulthum akamshika mkono. Alifunua uso mbele ya Mzungu, karani, Philip, Mwalimu na shemeji yake. Mwalimu aligeukia ukutani. Abdulkarim hakugeuka. Bwana Afya, ambaye hakuwahi kumwona kabla na kwa hivyo uso ule haukumwambia chochote, akaitikia kwa kichwa.

"Vyumba ngapi?"

"Sita. Vitatu kila upande, ukumbi katikati. Kimoja ni cha kuni."

"Dirisha ya nyuma?"

"Linaangalia choo, Bwana. Ndiyo maana ni dogo."

Karani alicheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa chake Kulthum. Aliulizwa kuhusu paa, akajibu. Aliulizwa kuhusu maji ya mvua, akaeleza mfereji ambao Idarous aliuchimba nyuma ili maji yasilale kwenye msingi. Aliulizwa kuhusu pembe, akasema udongo ndio uliojisukuma, nguzo hazijasogea, na udongo ni kitu cha kukandika. Alishangaa kuisikia sauti yake. Tangu Idarous afe alikuwa hajasema maneno mengi hivyo kwa mfululizo, na kila neno lilikuwa lake, lilitoka kwenye nyumba aliyoijua chumba kwa chumba. Bwana Afya aliacha kuandika, akamsikiliza.

"Philip, hii nguzo ni muhuhu kweli?"

"Sikufukua, Bwana. Mimi niliangalia nje tu."

Bwana Afya alimtazama Philip kwa muda, kisha akajikuna shingo. "Basi. Wewe mama, kama iko tengeneza pembe, weka udongo mpya, paka chokaa, mimi takuja kuona. Kama mzuri, mimi nafuta alama."

Ngendo alivuta pumzi kwa nguvu mpaka ikasikika. Kulthum alikuwa tayari amekwisha kuanza kufikiri ni udongo wa wapi, na nani atamkandikia kwa nje.

"Lakini sema," Bwana Afya aliongeza, akifunga faili. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. "Kwa nini hapana kuja siku ile ya kwanza? Mimi nasikia ni mambo ya dini. Leo dini imekwenda wapi?"

"Amepata ruhusa, Bwana," alisema Abdulkarim haraka. "Mambo kidogo tu."

"Ruhusa ya nani?"

"Yangu," alisema Mwalimu Ndambuki, akigeuka kutoka ukutani. Alikuwa mtu mwaminifu, na alifurahi kuulizwa. Hakuna Mzungu aliyewahi kumwuliza jambo la elimu yake. "Mjane hatoki katika nyumba, Bwana, isipokuwa kwa dharura. Mimi nilikwenda nikaikagua."

"Mwalimu," alisema Kulthum.

"Nilikuta nyumba ina hatari ya kuanguka. Kwa hivyo nikamruhusu."

Abdulkarim alianza kueleza kwamba hatari ya kidini si sawa na hatari ya kiserikali, kwamba kuna kuanguka na kuanguka, na kila alivyoeleza alizidi kuzama. Bwana Afya alifungua faili tena.

"Wewe mwalimu nasema itaanguka. Umeona kwa macho yako?"

"Nilitia vidole vyangu," alisema Mwalimu, na hapo ndipo alipoona uso wa Kulthum, uliokuwa bado wazi, akaelewa. "Lakini, Bwana, mimi si fundi."

"Lakini watu yako nasikia wewe." Aliandika. "Kama nyumba naua mama kesho, mimi nasema nini? Kwamba mwalimu yake alijua, na mimi nafuta alama? Hapana. Kwisha."

Kulthum alijifunika uso. Njiani kurudi Abdulkarim alimlaumu Mwalimu kwa kusema ukweli wote, na Mwalimu akamlaumu Abdulkarim kwa kusema nusu yake. Wote wawili walitembea mbele, mikono ikipaa. Yeye alitembea nyuma na hasira kifuani, nayo haikuwa ya wale wawili tu. Alikuwa ameulizwa swali moja la kweli tangu kufiwa, na yeye, mwenye nyumba, ndiye aliyenyamaza.

*

Walipewa muda wa kutoa vitu. Abdulkarim alisema eda inaweza kumalizikia kwake Ruiru, kuna chumba, ila kina ngozi kidogo. Kulthum alisema atamalizia alipoanzia. Ngendo alizunguka mji mzima akitafuta chumba na akaambiwa kila mahali kwamba hawachukui watu wa kabila lake wakati huu. Kipande chake kikafutwa kwa kalamu ya karani yule yule, akapanda lori na gunia lake la viazi vilivyobaki. Hakumlaumu Kulthum. Alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Mami, kaa salama," na Kulthum angependa zaidi angemtukana.

Siku ya kuvunja, Philip alikuja na watu wa kibarua, kamba na lori. Madebe ya paa yalitoka upesi. Kisha wakaendea ile pembe, ile ya hatari. Walipiga nyundo, udongo ukamwagika, fito zikatokeza, lakini nguzo hazikutikisika. Wakafunga kamba, wakasukuma kwa mabega. Wakafunga kwenye lori. Lori likanguruma, magurudumu yakachimba, kamba ikakatika, na vibarua wawili wakaanguka chali. Majirani waliokuwa wametoka kutazama walicheka, halafu wakakumbuka wanacheka nini.

Mpaka adhuhuri inaadhiniwa pembe ilikuwa bado imesimama, imeinama vile vile ilivyoinama tangu Saida akitambaa. Waliileta kamba ya pili, wakachimba chini ya nguzo. Philip alikuja kusimama mbele ya baraza, shati limelowa. Kulthum alikuwa ameketi barazani, amejifunika, cherehani ya Saida pembeni. Baraza hilo lilikuwa bado halijafikiwa, na yeye alikataa kushuka.

"Mama," alisema Philip kwa sauti ya chini, "hii nyumba ilikuwa imara sana."

"Nenda kamwambie aliyekutuma."

Philip akatazama chini, akarudi kwa vibarua.

Alasiri nguzo za muhuhu zilitoka ardhini, moja baada ya nyingine, kila nguzo ikiacha shimo jeusi lenye unyevu. Ukuta wa pembeni uliinama polepole, ukakaa, kisha ukashuka wote. Vumbi likafunika barabara. Lilipotulia, mtu angeweza kuona kutoka mjini mpaka msikitini bila kizuizi, na nyumba ya jirani yenye chokaa nyeupe sasa ndiyo ilikuwa ya pembeni.

Mwalimu Ndambuki alikuwa akitoka kusali. Angeweza kupita njia ya nyuma, lakini hakupita. Alikuja mpaka mbele ya baraza, akasimama juu ya vifusi, kanzu hajaishika.

Kulthum aliinua kichwa.

"Mwalimu," alisema, "sasa imeanguka. Nimeruhusiwa kutoka?"

Mwalimu aliangalia mahali palipokuwa na mlango. Akaketi chini pale pale, juu ya udongo uliovunjika.